Bujora na kigoda cha babu

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu mmoja aliuza kigoda cha babu. Alipita mnunuzi wa vinyago na pikapu yake, na fedha alizotoa zilitosha kununua mabati machache. Simlaumu sana mjomba; mvua zilikuwa zinakaribia na nyumba inavuja. Kinachoniuma ni jambo jingine. Pikapu ilipokwisha kuondoka, tuligundua kuwa hapakuwa na mtu katika ukoo aliyejua kigoda kile kilichongwa na nani, wala kwa nini sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Aliyejua alikuwa bibi, na bibi alishafariki. Kwa hiyo nusu ya kigoda ilikuwa imepotea kabla hakijauzwa.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini. Sisi wa mjini tukisikia neno makumbusho hufikiria jumba la serikali Dar es Salaam, lenye vioo na walinzi. Ya Bujora ni ya namna nyingine. Yalianzishwa mwaka 1968 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye mwaka 1958 alikuwa amejenga hapo kanisa la mviringo kwa mtindo wa Kisukuma. Vitu vilivyomo vinakaa katikati ya watu wanaovijua.

Chukua jengo la ngoma za watemi. Umbo lake ni la kiti cha mtemi, na ghorofani ndimo zinamokaa ngoma zenyewe. Machifu walipoondolewa madarakani mwaka 1963, ngoma hizo zilikosa kazi, na ngoma isiyo na kazi haidumu. Ngozi ikikaa penye unyevu huota ukungu, ikikaa juani hukakamaa na kupasuka, na mti wake hubunguliwa na wadudu kimya kimya. Bujora waliziweka mahali pakavu, lakini hawakuzinyamazisha. Zimekuwa zikipigwa katika sikukuu za kanisa na wanapofika wageni wa serikali. Najua wako wataalamu ambao wangeshika vichwa kusikia kitu cha makumbusho kinapigwa kwa fimbo. Mimi naona ni sawa. Ngoma inayopigwa inadai mtu anayeujua mdundo wake, na mtu huyo hutafuta kijana wa kumwachia.

Lakini lililonishangaza zaidi halishikiki kwa mkono. Ni maonyesho ya namna Wasukuma wa zamani walivyohesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake, wanaume yao na wanawake yao, na wa rika jingine asikilize asiambulie kitu. Hebu fikiria vijana wanahesabu kwa sauti mbele ya wazee, na wazee hawaelewi ni ngapi! Hesabu hiyo hakuna wa kuja kuinunua kwa pikapu, lakini inaweza kuzikwa siku moja na bibi mmoja.

Watu hudhani kazi ya makumbusho ni kukusanya. Kukusanya ni rahisi, hata yule mnunuzi wa vinyago anakusanya. Kazi yenyewe ni daftari. Kitu kikipokelewa hupewa namba, na namba ile huandikwa juu yake mahali pasipoonekana kwa urahisi. Kisha daftarini huandikwa jina lake kwa lugha ya wenyewe, kimetoka kijiji gani, kimeletwa na nani, kimetengenezwa kwa mti gani, nani alikitumia na nani hakuruhusiwa kukigusa. Huandikwa pia kama familia imekitoa moja kwa moja au imekiweka tu kwa amana, maana ugomvi wa wajukuu huanzia hapo. Na lazima iwepo nakala ya daftari katika jengo jingine. Panya wakilila lile la kwanza, na nakala haipo, mnabaki na magogo.

Nilipokwenda likizo nilimkuta mama mkubwa bado ana kilindo cha nafaka, kata ya zamani ya kunywea, na jembe lililofuliwa na wahunzi wa kienyeji. Nilikuwa nimebeba daftari la shule.

"Mwanangu, umepata mnunuzi?" akaniuliza.

Nikamwambia, hapana mama, nataka majina tu. Tukaanza na kata. Kumbe ilikuwa ya mama mkwe wake, na ilikuwa na jina, na ilishawahi kugombaniwa na wake wawili. Jioni ile giza liliingia hatujafika kwenye jembe.