Kabla ya Kulipia Nafasi ya Maegesho

Mnunuzi wa fleti jijini Dar es Salaam huonyeshwa sebule, jiko, baraza lenye upepo wa bahari na tangi la maji ya akiba. Maegesho huja mwisho, na mara nyingi huelezwa kwa maneno tu, kwamba kila fleti ina nafasi yake. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli katika mchoro na isiwe kweli sakafuni. Katika sura hii tunaeleza jinsi maegesho ya jengo yanavyopangwa, ili mnunuzi au mpangaji ayakague mwenyewe kabla ya kutia saini.

Kipimo kinachotumiwa na wasanifu wengi kwa gari dogo ni upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Magari yanapoegeshwa kwa pembe mraba, njia iliyo mbele yake huhitaji mita 6 hivi ili dereva aweze kukata kona bila kurudi nyuma mara tatu. Ukijumlisha sehemu ya njia, mteremko wa kuingilia, nguzo na kuta, gari moja hudai mita za mraba 25 hadi 30. Hilo ni eneo la sebule kubwa, lakini halimletei mjenzi kodi ya sebule. Kwa hiyo kishawishi cha kubana nafasi kipo tangu mchoro unapoanza, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo.

Ubanaji hufanyika zaidi baina ya nguzo. Chukua jengo ambalo nguzo zake zina unene wa mita 0.4, na kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine ni mita 7.2. Uwazi unaobaki ni mita 6.8. Mjenzi akichora humo nafasi tatu, kila moja itapata chini kidogo ya mita 2.27. Toyota IST, yenye upana wa takriban mita 1.7, itaingia, ingawa dereva atashuka kwa kujipinda. Land Cruiser ya toleo la 200 ina upana wa mita 1.98 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Itabakiza sentimita 29 kwa pande zote mbili. Gari litaingia, mwenye gari hatatoka. Nafasi tatu za kweli zingehitaji mita 7.9 kati ya nguzo hizo. Tunakushauri uende na futikamba, upime uwazi wenyewe na si mstari wa rangi uliochorwa sakafuni, kwa kuwa rangi hupakwa popote.

Ukiwa hapo, uliza pia iliko nafasi ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Nafasi hiyo huhitaji upana wa takriban mita 3.6, tena karibu na lifti. Ikiwa imewekwa penye ngazi, imewekwa kwa ajili ya mkaguzi tu.

Mteremko nao una hesabu yake. Ghorofa ya chini ya ardhi iliyo mita 3 chini ya barabara, ikifikiwa kwa mteremko wa 1 kwa 10, hudai njia ya mita 30. Kiwanja chenye kina cha mita 25 hakina urefu huo kwa mstari ulionyooka, hivyo msanifu hulazimika kuuzungusha mteremko au kuuongeza ukali. Mteremko wa 1 kwa 6 hupunguza urefu hadi mita 18, lakini usipolainishwa mwanzoni na mwishoni, gari la chini hukwaruza bampa au tumbo. Pima vilevile kimo chini ya boriti na mabomba: mita 2.1 hutosha gari la familia, wala haitoshi Hiace yenye paa la juu.

Jambo ambalo wanunuzi hulisahau kuliko yote ni maji. Maegesho ya chini ya ardhi ni shimo, na mvua za masika hutafuta shimo. Jengo lililopangwa vema huwa na tuta dogo kwenye mlango wa mteremko, mfereji wenye kichuja mbele yake, kisima cha kukusanyia maji na pampu mbili, moja ikiwa ya akiba. Usiishie kuonyeshwa pampu. Uliza inapata umeme kutoka wapi, kwa sababu umeme aghalabu hukatika wakati huohuo mvua inapozidi. Pampu isiyounganishwa na jenereta, au jenereta iliyowekwa humohumo chini, haitamsaidia mtu yeyote usiku huo. Hewa ni suala la aina hiyohiyo: moshi wa magari una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, hivyo ghorofa ya chini isiyo na madirisha lazima iwe na mashine za kuvuta hewa zinazofanya kazi.

Baada ya futikamba, rudi kwenye karatasi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mtu kumiliki fleti kwa hati yake, pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili: nafasi ya maegesho imo ndani ya sehemu ninayonunua, au ni eneo la pamoja nitakaloruhusiwa kulitumia? Majibu hayo mawili hayana thamani moja. Nafasi isiyotajwa kwa namba katika mkataba na katika mchoro ulioambatishwa yaweza kuahidiwa watu wawili, na mlinzi wa getini ndiye atakayeachiwa kuamua.

Omba nakala ya mchoro ulioidhinishwa na halmashauri, wenye muhuri, kisha uhesabu nafasi zilizomo na ulinganishe na unazoziona. Zikipungua, tazama kama pamejengwa stoo au maduka mahali palipochorwa magari. Ukiona hivyo, usilipe malipo ya awali hadi muuzaji akuonyeshe kibali cha maandishi cha mabadiliko hayo.