Tabo katika gari dogo: Nguvu ya kupanda Myamba ina gharama yake

BARABARA zinazopanda kwenda Myamba, katika milima ya Upare wilayani Same, ni mtihani kwa gari lolote dogo. Mji wa Same uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, wakati Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, kinafikia mita 2,462. Anayepanda na abiria wanne na gunia la tangawizi hutambua mapema kwamba injini yake imeelemewa.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari madogo kutoka Japani yenye injini ya sentimita za ujazo 660, kama vile Daihatsu Terios Kid na Suzuki Jimny ya soko la Japani, huwauliza mafundi namna ya kuyaongezea nguvu. Kwao Japani, watengenezaji walikubaliana kwamba magari ya aina hiyo yasizidi nguvu za farasi 64. Kinachoiwezesha injini ndogo kiasi hicho kufikia kiwango hicho ni tabo.

Tabo ni pangaboi mbili zilizofungwa katika mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, na nyingine husukuma hewa kuingia ndani ya silinda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikiongezewa presha sawa na nusu ya ile ya anga, silinda hupata takriban mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hivyo huweza kuunguza petroli nyingi zaidi. Mvumbuzi wake, Alfred Büchi wa Uswisi, alipata hataza mwaka 1905.

Milimani, kifaa hicho kina faida ya pekee. Katika mwinuko wa mita 1,500, presha ya hewa hupungua kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini kwa kuzunguka kwa kasi zaidi na kuchemka zaidi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Njia rahisi ya kuongeza nguvu ni kuidanganya valvu inayopunguza presha ya tabo, ili hewa zaidi isukumwe ndani. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na dereva huona tofauti siku hiyo hiyo. Asichokiona ni kwamba hewa iliyobanwa hupata joto, na petroli isipoongezwa kwa uwiano unaofaa, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake. Injini huanza kugonga, pistoni huyeyuka au gasketi ya silinda hedi huungua. Kwa familia yenye gari moja, hiyo ni hasara ya kutoa gari barabarani kwa miezi.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si kuongeza nguvu bali kuirudisha ile iliyopotea. Gari lililotumika kwa miaka mingi mara nyingi huwa na mipira ya hewa iliyopasuka, hivyo presha huvuja kabla ya kufika kwenye injini. Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima tabo pumzi. Plagi zilizochakaa hushindwa kuwasha vizuri chini ya presha kubwa, na rejeta ndogo inayopoza hewa ya tabo ikijaa matope, injini hupokea hewa ya moto. Kurekebisha hayo manne ni gharama ndogo, na mara nyingi dereva huona kama amebadilishiwa gari.

Oili ndiyo uhai wa tabo. Kwa magari mengi madogo ya aina hii, oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na anayesafiri kila mara katika vumbi na milima anashauriwa kupunguza kipindi hicho hadi nusu. Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, injini iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja hivi kabla ya kuzimwa. Ikizimwa ghafla, oili iliyosimama ndani ya tabo yenye moto huungua na kugeuka masizi yanayoziba njia zake.

Ambaye bado anataka zaidi hana budi kubadilisha vitu kwa pamoja: rejeta kubwa zaidi ya kupozea hewa, bomba la moshi linalopumua vizuri, petroli yenye okteni inayotakiwa, na kompyuta ya gari iliyorekebishwa na fundi mwenye vifaa vya kupimia uwiano wa hewa na petroli. Presha ikipandishwa peke yake, mengine yakabaki yalivyokuwa, injini ndiyo itakayolipa.

Lipo pia suala ambalo wengi hulisahau: kila aliyepanda Myamba atashuka. Tabo haimsaidii mtu katika mteremko. Anayesaidia ni dereva aliyeingiza gia ndogo mapema, mwenye breki nzima na matairi yenye meno. Gari lililoongezewa kasi huku breki zikiwa zile zile za kiwandani huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kona za milima ya Upare hazina nafasi hiyo.

Kabla ya kumlipa fundi ili apandishe presha, basi, ni busara fedha hizo zianzie kwenye oili, plagi, mipira ya hewa na breki. Zikibaki, ndipo mazungumzo ya nguvu yaanze.