Je, Wajua? Bwana Shamba na Mkulima Aliyesahaulika

Je, wajua kwamba utafiti mmoja maarufu wa mawasiliano ulifanyiwa upande wa pili wa Mlima Kenya, ukitazama kutoka Kianjai?

• Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Joseph Ascroft, Niels Röling, Joseph Kariuki na Fred Chege walichunguza jinsi habari za kilimo zinavyosambaa huko Tetu, Nyeri.

• Waligundua kuwa bwana shamba alizoea kuwatembelea wakulima waliokwisha kuendelea, kwa imani kwamba wengine wangeiga. Wanyonge wengi hawakufikiwa.

• Basi hao waliosahaulika wakaitwa kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima, wakafundishwa kupanda mahindi ya mbegu chotara na kupewa pembejeo kwa mkopo. Karibu wote walizipanda, kisha wakawaeleza majirani.

• Kazi hiyo iliunganisha kilimo, sosholojia na mawasiliano. Mwaka 1976, makala ya Röling, Ascroft na Chege kuhusu suala hilo ilitoka katika jarida la Communication Research.

Mkulima wa Kianjai, bwana shamba akiishia kwa jirani, usingoje kusimuliwa: mwite afike na kwako.