MUGUMO SI MTI MMOJA

Safari hii sikuleta shairi wala kisa cha sungura na fisi. Nimeleta habari ya mti na mdudu, na mkinivumilia mtaona sababu.

Kwetu nyumbani, mpakani mwa shamba la marehemu babu, pana mugumo mkubwa. Likizo ya Agosti ami yangu alisema ukatwe apate nafasi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Nyanya akanung'unika kwamba zamani hakuna mtu angethubutu kuutia shoka mti ambao wazee walisali chini yake wakielekea mlima Kirinyaga. Ami akacheka.

"Mama, ni mti mmoja tu! Si miti imejaa huko msituni?"

Neno hilo "mti mmoja tu" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Shule zilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanipa karatasi zilizoeleza utafiti uliofanywa huko Panama juu ya miti ya jamii ya mugumo. Nilizisoma kamusi ikiwa kando yangu. Kumbe ami alikuwa amekosea mara mbili!

Panama kuna kisiwa kiitwacho Barro Colorado. Hapo awali kilikuwa kilima tu, lakini wakati wa kuchimba ule mfereji maarufu wa meli, mto Chagres ulizibwa, maji yakajaa mabondeni na kilele cha kilima kikabaki kisiwa chenye msitu. Tangu 1923 kimekuwa hifadhi, na wanasayansi wa taasisi ya Smithsonian huchunguza huko kila kitu, tangu mchwa hadi miti mirefu. Mmoja wao ni Allen Herre, ambaye ametumia miaka mingi akichunguza miti hiyo na wadudu wake. Miti ya Panama si mugumo wetu hasa, ni binamu zake, ila tabia ni zile zile. Ndege hula tini, kisha huangusha mbegu pamoja na kinyesi juu ya mti mwingine. Mbegu huota huko huko juu, mizizi huteremka hadi ardhini, humzingira mwenyeji na mwishowe humnyonga. Mwenyeji akioza, mgeni ndiye amebaki amesimama. (Huyu hakupewa jembe siku ya tatu!)

Sasa kosa la kwanza la ami. Mwaka 1991 Herre, James Hamrick na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa miti 14 ya namna hiyo. Walichukua vipande kutoka matawi mbalimbali ya kila mti, wakatoa vimeng'enya vilivyomo, wakavitia katika jeli na kupitisha umeme. Vimeng'enya vya aina tofauti hukimbia kwa mwendo tofauti ndani ya jeli, kwa hivyo huacha mistari mahali tofauti, na mistari hiyo huonyesha urithi wa mti. Kama mti ni mmoja, matawi yote lazima yatoe mistari ile ile, maana damu ya mkono wangu ndiyo damu ya mguu wangu. Walipata nini? Ile "miti" 14 ilikuwa miti isiyopungua 45! Mbegu kadhaa ziliota juu ya mwenyeji mmoja, na mizizi yake ikashikana na kuungana hata jicho haliwezi kujua nani ni nani. Huenda basi mugumo wetu pia ni watatu au wanne waliokumbatiana tangu kabla babu hajazaliwa.

Kosa la pili ni tamu zaidi, lakini kwanza lazima nieleze habari za nyigu. Wengi wetu tumeshawahi kupasua tini ya mkuyu au mugumo, tukakuta vidudu, tukatema mate. Tungejua! Watu hudhani mugumo hautoi maua, kumbe maua yamo ndani ya tini yenyewe, mamia kwa mamia, na mlango ni kitundu kidogo mno. Nyigu jike, ambaye urefu wake ni kama milimita 2, hujipenyeza humo kwa nguvu hata mabawa hukatika. Akishaingia hatoki tena. Huyapaka maua chavua aliyokuja nayo, hutaga mayai katika baadhi yake, halafu hufa mle mle. Watoto wake hukua, kila mmoja ndani ya ua lake. Madume hutangulia kutoka. Hawana mabawa, kazi yao ni kujamiiana na majike na kutoboa ukuta wa tini, basi, maisha yamekwisha. Majike hubeba chavua na kuruka kwenda kutafuta mti mwingine. Wana siku moja au mbili tu za kuishi, na hawawezi kutaga katika mti mwingine wowote usiokuwa wa aina yao.

Hapa ndipo John Nason, Herre na Hamrick walipofanya jambo lililonifanya niache kula githeri yangu ikapoa. Walitaka kujua nyigu hawa hutoka umbali gani. Utamfuataje mdudu wa milimita 2 juu ya msitu? Huwezi. Wao wakafuata mbegu. Walichukua tini zilizoingiwa na nyigu mmoja tu, wakaotesha mbegu zake. Kila mche una nusu ya urithi kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mama anajulikana, ndiye mti uliochumwa tini. Toa sehemu ya mama, kinachobaki ni baba. Hesabu ya kutoa ya darasa la pili! Na kwa kuwa nyigu alikuwa mmoja, aliyetoka mti mmoja, mbegu zote za tini hiyo huwa na baba mmoja, kwa hivyo miche mingi hutoa ushahidi juu ya mzee yule yule.

Walipolinganisha tini mbalimbali za mti mmoja, walikuta baba wengi ajabu. Na miti hii husimama mbalimbali, tena ni michache inayotoa nyigu wakati mmoja. Sasa hao baba wote walikuwa wapi? Jibu lilichapishwa 1998: chavua ilikuwa ikisafiri kwa kawaida kilomita 5.8 hadi 14.2, na jamii moja ya miti inayozaana ilikuwa na mamia ya miti iliyotapakaa katika eneo la kilomita za mraba 106 hadi 632. Kaunti nzima ya Nairobi ni kama kilomita za mraba 700. Nilipiga hesabu: kwa nyigu, kilomita 10 ni mara milioni tano ya urefu wake. Kwangu mimi ninayelalamika kutembea kilomita nne kuja shule, hiyo ni sawa na kilomita 8,000.

Hawapigi mabawa njia yote, la. Hupanda juu ya msitu na upepo ukawachukua. Mwaka 2009 Sophia Ahmed na wenzake walichunguza DNA ya mikuyu iliyo kando ya mto Ugab katika jangwa la Namib, na mkuyu huo ni aina ile ile tuliyo nayo Kenya mitoni. Walikuta chavua iliyosafiri hadi kilomita 160, kama barabara ya Nairobi mpaka Nakuru.

Lakini msidhani kwamba kwa sababu nyigu hufika mbali, basi mti ukikatwa si neno. Tini za mti mmoja kwa kawaida huwa tayari pamoja, na miti mingine huwa na majira yake. Nyigu akitoka leo lazima mahali fulani kuwe na mugumo mwingine uliofungua vitundu vyake leo au kesho. Ili mlango usikosekane mwaka mzima, lazima miti iwe mingi sana, na wetu ni zamu yake mojawapo. Ndiyo sababu pia hakuna mwezi ambao ndege na tumbili hukosa tini kabisa, hata matunda mengine yakiwa yameadimika.

Yote haya nilimweleza ami Jumapili moja chini ya mti wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa msomi, na hao nyigu ndio watalipa pesa zako za chakula cha mchana shuleni?" Sikuwa na la kujibu, kwa maana pesa za muhula huu alilipa yeye. Lakini aliniuliza tena, polepole, kama ni kweli kwamba mti huu unaweza kuwa watatu, akauzunguka akiukagua shina. Kikao cha kugawa shamba ni Desemba. Nyanya ameniambia niwepo, na nije na zile karatasi.