Mke wa gavana aliyeichora Toronto ikiwa bado msitu

Toronto ya leo ni mji wenye watu karibu milioni 3, mkubwa kuliko yote nchini Kanada, na Waafrika Mashariki wengi wamehamia huko na kulea watoto wao. Anayetaka kujua pwani ile ya Ziwa Ontario ilikuwaje kabla mji haujajengwa hawezi kutafuta picha za kamera, kwa kuwa kamera ilikuwa haijavumbuliwa. Itambidi afungue picha za rangi za maji na shajara za mwanamke mmoja, Elizabeth Simcoe, aliyefika pale mwishoni mwa Julai 1793 akiwa mke wa mtawala wa jimbo.

Mumewe, John Graves Simcoe, alikuwa Luteni Gavana wa kwanza wa Upper Canada, eneo ambalo leo ni kusini mwa jimbo la Ontario. Jina lake limebandikwa kila mahali huko: kuna kaunti, kuna mitaa, hata sikukuu ya Jumatatu ya kwanza ya Agosti ndani ya Toronto imepewa jina la Simcoe. Lakini ukiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyetuachia nchi yenyewe, miti yake, maji yake, chakula chake, homa zake, jibu langu ni mke. Gavana alituachia amri na barua za serikali. Mkewe alituachia macho yake.

Elizabeth Posthuma Gwillim alizaliwa Uingereza mwaka 1762, na jina lake la kati linabeba msiba. Baba yake, ofisa wa jeshi, alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake akafariki baada tu ya kujifungua. Mtoto akalelewa na ndugu wa mama yake, na shangazi mmoja, Margaret, ndiye aliyekuja kuwa mlezi wake mkuu. Yatima huyo hakuwa maskini. Alirithi mali nyingi za pande zote mbili, akasomeshwa lugha na kuchora kama walivyosomeshwa mabinti wa matajiri wa enzi zile. Tofauti yake ni kwamba wengi walichora ili wapate cha kuonyesha wageni sebuleni, naye hakuweka chini penseli maisha yake yote.

Shangazi Margaret aliolewa na Admirali Samuel Graves, ambaye alikuwa baba wa ubatizo wa Simcoe. Kwa hiyo kijana huyo aliporudi amejeruhiwa kutoka vita vya uhuru wa Marekani, alikwenda kupumzika nyumbani kwa admirali, mkoani Devon, na huko akamkuta Elizabeth. Walifunga ndoa tarehe 30 Desemba 1782. Baba zao wote wawili walihusika na kampeni ya Waingereza ya kuiteka Quebec mwaka 1759, na baba yake Simcoe alifia safarini humo, melini, katika mto St. Lawrence. Jambo jingine lisilosemwa sana ni kwamba shamba kubwa la Wolford, lenye ekari kama 5,000, lilinunuliwa kwa fedha za mke. Simcoe alikuwa na jina la kijeshi. Fedha zilikuwa za Elizabeth.

Simcoe alipoteuliwa kwenda Upper Canada mwaka 1791, Elizabeth alikuwa ameshazaa watoto sita. Aliwachukua wawili wadogo, Sophia na Francis, ambaye alikuwa bado mchanga. Mabinti wanne wakubwa walibaki Wolford chini ya uangalizi wa Bi. Hunt na binti yake. Mkubwa wao, Eliza, alikuwa na miaka 7. Mama na mabinti hao hawakuonana kwa miaka 5.

Kutengana huko ndiko kulikozaa shajara. Elizabeth aliandika karibu kila siku, akazituma kurasa hizo nyumbani kwa meli ili Bi. Hunt na mabinti wajue mama anaishi vipi, anakula nini, analala wapi. Ndiyo maana maandishi yake hayana majivuno ya kiserikali. Anaeleza ladha ya kindi mweusi na ya samaki wa ziwani, jinsi sukari inavyochemshwa kutokana na utomvu wa mti wa mepo, dawa za majani ambazo wenyeji wanatumia kutibu homa, nyoka, mbu, na moshi wa misitu inayoungua. Waziri aliyesimamia makoloni mjini London asingeandikiwa mambo hayo. Mtoto wa miaka 7 anayeulizia mama yake yuko wapi ndiye anayeandikiwa hivyo, na kwa bahati hiyo sisi tunasoma leo kile ambacho ripoti rasmi zilikiruka.

Walitia nanga Quebec tarehe 11 Novemba 1791, wakakaa huko msimu wa baridi, kisha mwaka uliofuata wakapanda mto hadi Niagara, kwenye kijiji cha Newark, makao makuu ya muda. Nyumba za serikali zilikuwa hazifai, kwa hiyo familia ya gavana ilikaa kwenye mahema ya turubai. Humo ndimo alimojifungulia binti, Katherine, Januari 1793, katikati ya baridi kali ya Kanada. Maporomoko ya Niagara aliyaona kwa mara ya kwanza Julai 1792, na akarudi kuyachora tena na tena.

Kisha wakahamia ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo Simcoe aliamua kujenga mji na bandari ya vita. Aliuita York, akalitupa jina la Toronto ambalo lilikuwapo kabla yake. Wakazi walilirudisha mwaka 1834. Hapo hapakuwa na nyumba. Askari wa kikosi cha Queen's Rangers walikata miti, nao akina Simcoe wakasimamisha turubai zao tena. Elizabeth alipanda farasi ufukweni, akaenda kwa mashua hadi kwenye majabali meupe yaliyo mashariki ya bandari, yakamkumbusha Scarborough ya Uingereza. Jina hilo ndilo linaloitwa mpaka leo eneo zima la mashariki ya Toronto, ambako wahamiaji wengi kutoka Afrika wanaishi.

Katika bonde la mto Don aliona jambo ambalo mimi huliona kuwa kilele cha kazi yake yote: wavuvi wenyeji wakivua samoni usiku, mienge ikiwaka kwenye pua za mitumbwi, mikuki ikiwa tayari. Aliliandika na kulichora. Samoni wa Ziwa Ontario walimalizika kabla ya karne iliyofuata kwisha, kwa sababu ya uvuvi kupita kiasi na mabwawa ya vinu yaliyoziba mito. Mienge ile imebaki kwake tu.

Juu ya bonde hilo familia ilijenga nyumba ya magogo, wakaiita Castle Frank kwa heshima ya mtoto wao Francis. Nguzo zake za mbele zilikuwa mashina ya misonobari yenye magome yake, yamepangwa kwa mtindo wa mahekalu ya Wagiriki. Nyumba iliungua mwaka 1829, lakini kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Castle Frank bado kipo, na abiria wengi hushuka hapo bila kujua kwamba Frank alikuwa mtoto wa miaka mitatu minne anayecheza msituni.

Ukurasa mzito kuliko yote ni wa Aprili 1794. Gavana alikuwa safarini magharibi kwa sababu ya hofu ya vita na Wamarekani. Katherine, mtoto wa miezi 15, akashikwa na homa akafa tarehe 19, mama yake akiwa naye na baba yuko mbali. Alizikwa kwenye makaburi mapya ya jeshi karibu na ngome ya York. Leo mahali hapo ni bustani ya umma. Elizabeth alimwandikia Bi. Hunt habari hiyo kwa maneno machache. Mwenye kulea ataelewa kwa nini yalikuwa machache.

Sasa lazima niseme yale ambayo picha zake hazisemi. Ardhi anayoichora ikiwa tupu na tulivu haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wamississauga, tawi la watu wa Anishinaabe. Waingereza walidai kuinunua mwaka 1787, lakini hati iliyopatikana baadaye haikuwa na maelezo ya mipaka, na alama za machifu zilikuwa kwenye vikaratasi vilivyobandikwa. Mwaka 1805 wakafanya mkataba mwingine kwa malipo ya shilingi 10. Ilichukua hadi 2010 ndipo serikali ya Kanada ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 145 za nchi hiyo. Elizabeth aliwakaribisha viongozi wa wenyeji mezani, akiwemo Joseph Brant wa Wamohawk, na aliwaandika kwa heshima kuliko maofisa wengi. Hata hivyo katika picha zake miti ni mingi na watu ni wachache, nasi tusidanganyike na uzuri wa miti.

Vivyo hivyo utumwa. Mwezi Machi 1793, mwanamke mweusi aitwaye Chloe Cooley alifungwa kamba akavushwa kwa nguvu mto Niagara kwenda kuuzwa upande wa Marekani, huku akipiga kelele na kupigana. Peter Martin, mtu mweusi aliyekuwa mwanajeshi, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya baraza la gavana. Simcoe alitumia kisa hicho kusukuma sheria iliyopita Julai mwaka huohuo: hakuna mtumwa mpya kuingizwa Upper Canada, na watakaozaliwa na mama mtumwa wawe huru wakitimiza miaka 25. Waliokuwa watumwa tayari hawakuachiliwa, kwa sababu baadhi ya watunga sheria wenyewe walikuwa na watumwa majumbani. Ilikuwa hatua, na ni haki kuitaja. Ni haki pia kutaja kwamba miaka mitatu baadaye Simcoe huyohuyo alitumwa Haiti, wakati huo Saint-Domingue, kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Toussaint Louverture, katika vita ambavyo kwa weusi wa kisiwa kile vilikuwa vya kuukataa utumwa. Chloe Cooley hakuchorwa na mtu. Hatuna sura yake.

Familia iliondoka York Julai 1796. Elizabeth, aliyekuja akiwa mgeni wa kila kitu, aliandika kwamba siku ya kuagana alilia kutwa na chakula hakikupita. Huko Uingereza alimpelekea Mfalme George III mkusanyiko wa picha 32 za Upper Canada, ambazo sasa zimo katika Maktaba ya Uingereza. Simcoe alifariki Oktoba 1806. Francis, mwenye nyumba ya magogo, aliuawa vitani Badajoz, Hispania, Aprili 1812, hajatimiza miaka 21. Mjane huyo akaishi miaka 43 baada ya mumewe, akichora, akisafiri, akisimamia mali yake, mpaka alipofariki Januari 1850 akiwa na miaka 87. Alizaa watoto 11.

Shajara yake ilikaa kwenye masanduku ya familia hadi mwaka 1911, ilipochapishwa na John Ross Robertson, mwanahabari mwenye gazeti la Telegram la Toronto. Hifadhi ya nyaraka ya Ontario sasa ina picha zake karibu 600. Mwanahistoria wa mazingira anazihitaji kujua msitu ulikuwa wa miti gani, na mchimba mambo ya kale anazihitaji kujua ngome ya kwanza ilisimama wapi.

Nawaandikia haya hasa wale walio karibu na madaraka kwetu. Kenya ina magavana 47, na tangu mwaka 2013 kila kaunti imekuwa na nyumba ya gavana yenye mtu ndani anayeona mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu za vikao. Tanzania ina wakuu wa mikoa na wenzi wao, wanaohamishwa kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine. Miongoni mwao wapo wasanii, wapo waandishi, wapo wapiga picha ambao waliacha kazi zao siku mwenzao alipoapishwa, kwa kudhani kuwa heshima ya cheo inadai hivyo. Msiache. Andikeni tarehe, choreni mto kabla daraja halijajengwa, ulizeni majina ya wazee na muyaweke pamoja na sura zao. Kisha mpeleke nakala kwenye Kumbukumbu za Taifa, Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, mkiwa bado hai wa kueleza kilichomo.