TEKNOLOJIA: Programu moja, kompyuta nyingi, na hatari ya kila fundi kurekebisha kivyake

MFUMO wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, ambao uundaji wake ulianza 2004, ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Kwa kuwa ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kufungua msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, na kuurekebisha. Ndivyo Kenya ilivyopata KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa mahitaji ya humu nchini.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Tuseme fundi amesahihisha hesabu ya kipimo cha dawa katika kompyuta ya zahanati moja. Zahanati ya pili inabaki na kosa, huku ya tatu ikirekebishwa na fundi mwingine kwa namna yake. Kisha waundaji wanatoa toleo jipya, linawekwa, na masahihisho yote yanafutika pasipo mtu kujua.

Tatizo hili ndilo linalotatuliwa na mifumo ya kudhibiti matoleo. Unaotumika zaidi ni Git, ulioandikwa na Linus Torvalds mnamo Aprili 2005 baada ya waundaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper. Git hunakili kila badiliko, aliyelifanya, wakati na sababu, iwapo mhusika hakuona uvivu kuiandika. Kila kompyuta huwa na historia nzima, hivyo kazi haikwami intaneti inapopotea.

Fundi mwangalifu huwa na matawi mawili. La kwanza hubeba msimbo kama ulivyotoka kwa waundaji, bila kuguswa. La pili hubeba marekebisho yake. Toleo jipya huingia katika la kwanza, kisha huunganishwa na la pili, na zahanati zote huchukua kutoka hilo la pili pekee. Pande mbili zikiwa zimebadilisha mstari mmoja, Git husita na kumwachia binadamu uamuzi. Mistari isipogongana, huunganisha kimya, hata kama maana imegongana; kwa hivyo majaribio hayaepukiki.

Kubadilisha msimbo moja kwa moja katika kompyuta ya zahanati ni mwiko. Amri ya "git status" hufichua faili zilizoguswa kinyemela.

Nywila na rekodi za wagonjwa nazo zisiingizwe humo kamwe. Faili ikifutwa leo, nakala yake husalia katika historia, kwenye kila kompyuta iliyoipokea.