Mrejesho Hasi si Habari Mbaya: Istilahi za Udhibiti katika Kilimo

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya kilimo ni zile zilizotokana na nadharia ya mifumo ya udhibiti. Nadharia hii huchunguza jinsi mtambo, au shughuli yoyote ile, inavyojirekebisha ili idumu katika hali iliyokusudiwa. Mwaka 1948 Norbert Wiener aliipa taaluma iliyo jirani nayo jina lenye asili ya neno la Kiyunani linalomaanisha mshika usukani. Asili hiyo yatufunza kwamba udhibiti hapa si kuzuia, bali ni kuongoza chombo kisiache njia.

Tuchukue mfano wa umwagiliaji. Mkulima afunguliaye maji kila Jumatatu, udongo uwe mkavu au umelowa, anatumia mfumo wazi: matokeo ya kazi yake hayarudi kumwelekeza. Mwenzake aliyefukia tensiometa penye mizizi husoma kwanza jinsi udongo unavyoyashikilia maji. Kipimo kikipanda, udongo umekauka, naye hufungua maji, kikishuka, huyafunga. Huu ni mfumo funge, na ile habari inayorudi kutoka udongoni ndiyo mrejesho.

Tatizo huanza pale wahandisi wanapougawa mrejesho kuwa hasi na chanya. Katika usemi wa maofisini na madarasani, aghalabu hasi hueleweka kuwa baya na chanya kuwa jema. Shambani mambo huweza kuwa kinyume. Mrejesho wa tensiometa ni hasi kwa kuwa hupinga badiliko: ukavu huleta maji, na unyevu huyafunga. Mmomonyoko, kwa upande wake, una mrejesho chanya: ardhi ikiwa tupu, mvua huchukua udongo wa juu, mimea hupungua, ardhi huzidi kuwa tupu. Mfasiri akiandika tu kwamba shamba lina mrejesho chanya, bwana shamba atafurahi pale anapopaswa kuhimiza ujenzi wa matuta.

Hivyo basi, tunapendekeza hasi na chanya ziachiwe milinganyo ya hisabati. Katika miongozo ya wakulima patumike mrejesho wa kusawazisha na mrejesho wa kuzidisha. Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini zajieleza zenyewe. Istilahi fupi impotoshayo msomaji ni ghali, kwani gharama yake hulipwa kwa mavuno.